Siku Elfu Moja Bila Ajali

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, mtunza ubao alikuwa amekwishapanda kwenye stuli yake. Ubao ulikuwa wa bati, umepakwa rangi ya kijani, umetundikwa juu ya mlango wa karakana mahali ambapo mtu hapiti bila kuuona. Uliandikwa SIKU, zikafuata kulabu nne, halafu BILA AJALI. Kazi yake ilikuwa kutoa kibao cha namba ya jana na kutundika cha leo. Aliifanya kwa miaka tisa, pamoja na kazi nyingine zote za idara ya usalama, idara iliyokuwa na yeye na kabati la mafaili.

Kiwanda kilitengeneza sabuni za miche, za kufulia. Wafanyakazi walimwita mtunza ubao Dada Namba, naye hakuchukia. Aliupenda ubao wake, na kampuni aliipenda pia, tusimsingizie. Kila Jumatatu mkurugenzi alisimama juu ya kreti na kusema, "Sisi hapa ni familia," na Dada Namba alikuwa miongoni mwa wale waliotikisa kichwa kwa dhati. Mkurugenzi alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyejua majina ya watoto wa kila mtu. Aliaminika kiasi kwamba Dada Namba alimchukua mdogo wake wa kiume, kitinda mimba aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki, akamtafutia kazi kwenye boila, tangi la mvuke wa kupikia sabuni. Ovaroli ya kwanza alimpunguzia miguu kwa mkono wake.

"Ukipata hapa umepata," alimwambia.

Siku ya mia sita na kumi na moja, mashine ya kukatia miche ilimkata Wembe vidole viwili vya mkono wa kulia. Wembe ndiye aliyeiendesha mashine hiyo, na jina alipewa kwa wepesi wake miaka mingi kabla ya siku hiyo. Mashine ilikuwa na kinga yake ya chuma, lakini miezi miwili nyuma lilitoka agizo ifunguliwe na kuwekwa stoo, kwa sababu ilichelewesha kazi. Dada Namba alimfunga Wembe mkono kwa taulo, akampeleka kwenye gari, kisha akarudi kwenye stuli yake kushusha namba na kuweka sifuri. Alikuwa ameshika kibao cha sita mkononi pale mkurugenzi alipokuja na kusimama chini yake.

"Dada, shuka kwanza."

Akashuka.

"Ajali ni jambo kubwa," mkurugenzi alisema. "Hii ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Watu mia nne wamejituma mpaka tumefika hapa. Tuwavunje moyo kwa vidole viwili?"

Kesho yake ubao ulisema mia sita na kumi na mbili. Dada Namba hakupendezwa. Alijiambia kwamba wakubwa wana mambo yao wanayoyaona ambayo yeye hayaoni, akaenda kuandika ripoti kuhusu kinga ya mashine.

Wembe alirudi kazini baada ya wiki tatu, mkono ukiwa umefungwa bandeji. Getini palikuwa na mstari wa njano uliochorwa sakafuni, unaotenganisha kiwanda na barabara. Alipouvuka, bandeji ilibana. Akaifungua, akakuta vidole vyake vyote vitano, vile viwili vikiwa na kucha na kovu dogo la utotoni. Alivikunja, akavikunjua, akaenda kwenye mashine yake. Jioni alipotoka na kuuvuka mstari, viwili havikuwepo.

Mlinzi wa geti, ambaye alikagua mikono ya kila anayetoka asije akaondoka na sabuni, aliuangalia ule mkono.

"Umesahau vidole ndani," alisema.

"Si vyangu," Wembe akajibu. "Ni vya kampuni."

Ikawa hivyo. Ndani ya uzio Wembe alikata miche elfu nne kwa siku, na nyumbani mkewe alimfunga vifungo vya shati. Alipokwenda kudai haki yake, aliambiwa alete fomu ya daktari wa kampuni. Daktari wa kampuni alikuwa na chumba chake nyuma ya ghala, ndani ya uzio. Alimhesabu Wembe vidole mara mbili, kwa uangalifu, akaandika: kumi, vyote vizima. Hakuwa amedanganya. Ndilo lililomkera Dada Namba kuliko yote, kwamba karatasi ile ilikuwa ya kweli, ina muhuri, na mtu akiipinga ataonekana ana matatizo ya akili.

Kuanzia hapo alianza kuyasikiliza maneno ya Jumatatu kwa sikio jingine. Bado alisimama mstari wa mbele, ila kichwa hakukitikisa tena. Aligundua kwamba mkurugenzi akisema "tumelisikia" maana yake limekwisha, na akisema "tunajifunza" kuna mtu amekwishaumia. Aligundua pia kwamba ripoti zake hurudi zote zikiwa na maneno yaleyale, yamepigwa chapa chini: Asante kwa maoni yako, yanafanyiwa kazi.

Tatu kati ya ripoti hizo zilihusu boila. Boila lina vali ya usalama, ambayo mvuke ukizidi hufunguka yenyewe na kuutoa. Vali ya boila lile ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri mno, ikawa inapunguza moto sabuni ikiwa jikoni. Lilikuja agizo, ikafungwa kwa waya. Mdogo wake ndiye aliyeufunga ule waya, kwa koleo, huku msimamizi akiwa amesimama pembeni.

"Inapiga mluzi, dada," alimwambia siku moja wakati wa mapumziko. "Kama mtu anayeita mtu."

Dada Namba akaandika ripoti ya tatu. Asante kwa maoni yako.

Boila lilipasuka siku ya mia tisa hamsini na moja, saa nne asubuhi. Dada Namba aliusikia mshindo akiwa kwenye kabati lake, akakimbia. Mvuke ulikuwa umejaa chumba kizima, na ulipopungua alimwona mdogo wake amelala chali karibu na mlango, kiatu kimoja hakipo. Alimshika shingoni, akamshika kifuani. Alikuwa amekufa. Watu kumi na watano walisimama pale na kila mmoja aliona.

Mkurugenzi alifika akihema. Aliangalia maiti, kisha akageuza shingo kuutazama ubao, ambao kutoka pale ulionekana upande wa pili wa karakana.

"Asiiguse mtu namba ile," alisema.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo Dada Namba hakujisamehe. Mara ya kwanza alitii kwa sababu aliogopa. Mara hii hakuna aliyehitaji kumwamrisha. Alikuwa amepiga magoti juu ya maji ya moto, kichwa cha mdogo wake kikiwa mapajani, na aliikumbuka bandeji ya Wembe. Akasubiri. Baada ya dakika kumi hivi, mdogo wake alikohoa, akakaa, akauliza nani amechukua kiatu chake.

Jioni mdogo wake alishindwa kutoka. Alipofika kwenye mstari wa njano mguu wake haukwenda mbele, kwa sababu ng'ambo ya mstari alikuwa maiti, na maiti haitembei. Wembe na wenzake watatu walimbeba, wakavuka naye. Walijikuta barabarani mikono mitupu, na yeye amesimama ndani, anajipangusa suruali. Mlinzi aliwaambia wasirudie, wanazuia magari.

Basi akabaki. Hakula, kwa kuwa hakusikia njaa. Hakulala, kwa kuwa usingizi haukuja. Boila liliungwa kwa kulehemu, vali ikafungwa tena kwa waya mpya, naye akaendelea kuchochea. Ofisa utumishi, mama mmoja mwenye tabasamu la kudumu, alipitia ratiba yake wiki ya pili, akampangia zamu ya mchana pia, na wiki ya tatu akampangia zote.

"Kwa kuwa upo tu," alimweleza kwa upole.

Mke wa mdogo wake alikuja getini kila siku saa sita, akiwa amembeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Yeye na Dada Namba waliitana wifi, na kabla ya hapo walikuwa mawifi wa kutaniana. Sasa utani ulikauka. Mtoto alipitisha mkono kwenye nondo za geti, baba yake akaushika, lakini mkono wa mtoto, uliokuwa bado nje ya mstari, haukuhisi kitu, naye akawa analia mpaka wanaondoka.

"Wifi," mwanamke yule alisema siku moja, na hakuwa anapiga kelele, "mimi si mke wala si mjane. Nguo zake sijui nizifue au nizigawe. Nataka nimzike mume wangu. Wewe ndiye mwenye namba."

"Nikiiweka sifuri nimemuua."

"Kwani sasa yuko hai?"

Dada Namba alimwendea mdogo wake. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa moto, koleo la makaa mkononi, jasho hana.

"Nimechoka, dada," alisema kabla hajaulizwa. "Si uchovu wa kulala. Niweke chini."

Alikwenda kwa mkurugenzi. Kwa hasira hakuketi alipokaribishwa. Alieleza kwa kusimama: waya, ripoti tatu, mtu mmoja aliyekufa saa nne asubuhi mbele ya mashahidi kumi na watano. Aliomba namba ishushwe ili ndugu yake akazikwe. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Dada, mimi nashangaa kidogo. Kampuni imemhifadhi mdogo wako. Imempa kazi, imempa muda wa ziada. Na wewe, damu yake, unakuja hapa kuniomba tumuue?"

Kwa nukta mbili tatu alijiona kweli ni muuaji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya yule bwana, na aliijua kazi yake. Kisha alikumbuka namna mkurugenzi alivyogeuza shingo siku ile kutazama ubao kabla hajauliza jina la aliyelala chini, yeye anayejua majina ya watoto wa kila mtu. Imani aliyokuwa nayo juu ya kampuni ile, miaka tisa, iliishia pale kwenye zulia. Aliisikia ikiisha.

"Asante kwa maoni yako," mkurugenzi alisema.

Siku ya elfu moja iliandaliwa kama harusi. Wenye kampuni walikuja na magari matatu. Hema lilisimamishwa uwanjani, ngao ya kioo ikawekwa mezani, na kila mfanyakazi alipewa fulana nyeupe yenye maandishi kifuani: 1000. SISI NI FAMILIA. Ubao ulikuwa umehamishiwa jukwaani kwa ajili ya picha, kulabu zikiwa tupu. Dada Namba aliitwa kwa kipaza sauti aje atundike vibao mbele ya wageni.

Alianza kulia kwenda kushoto. Akatundika sifuri. Akatundika sifuri ya pili, watu wakapiga makofi. Akatundika ya tatu, makofi yakazidi. Kibao cha moja akakitia mfukoni, akashuka kwenye stuli, akaanza kutembea kuelekea kwenye boila.

Ilichukua muda makofi kunyamaza. Katikati ya uwanja Wembe aliinua mkono wake, akaangalia vidole vitatu. Hakuwa peke yake. Mwanamke wa kwenye mapipa, aliyechanganya dawa kali ya kupikia sabuni, alifunika jicho lake la kushoto ambalo lilikuwa halipo tena. Mpakiaji mmoja alikaa chini, goti limegeuka nyuma. Huku na huku watu waliketi kwenye nyasi wakiwa na majeraha yao, ya mwaka jana, ya mwezi uliopita, mengine Dada Namba mwenyewe hakuwahi kuyaandikia ripoti. Walikuwa ishirini na sita. Muda wote huo kila mmoja alidhani ni yeye na Wembe tu. Hakuna aliyelia. Walitazamana.

Mdogo wake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameegemea ukuta, amefumba macho. Alimgusa. Alikuwa baridi kama mtu aliyekufa siku nyingi, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo dada yake hakuiona tangu boila lipasuke. Alilia kidogo, haraka haraka. Wembe na wenzake wakaja na machela ya daktari, wakamlaza, wakaondoka naye kuelekea getini. Wifi yake alikuwa ng'ambo ya mstari wa njano na shuka jeupe mikononi. Safari hii mlinzi alikuwa amelifungua geti bila kuambiwa.

Jukwaani, mkurugenzi alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Dada yetu ana furaha mpaka amesahau moja!" alisema, na wageni wakacheka, wakifurahi kupata maelezo. Alikitafuta kibao, hakukiona. Akageuka kwa ofisa utumishi aliyekuwa amesimama karibu, akamwomba ile fulana ya akiba aliyoishika mkononi, akaitundika kwenye kulabu za ubao. Kulabu zilikuwa nne na fulana ilikaa vizuri. Elfu moja ilisomeka hata kutoka getini. Wapiga picha wakapiga.

Walikuwa wamebakiza hatua sita. Wembe ndiye aliyejua kwanza, kwa sababu alihisi vidole viwili vikishika mpini wa machela.

"Kimbieni!" alipiga kelele. "Kimbieni, kimbieni!"

Wakakimbia. Dada Namba alikuwa pembeni, ameshika mkono wa mdogo wake, akausikia ukipata joto. Waliuvuka mstari wote kwa pamoja, wakihema, wakamfikia mwanamke mwenye shuka. Machela ilikuwa tupu. Wifi yake alinyoosha mikono, akaipapasa turubai ya machela kutoka upande wa kichwa mpaka upande wa miguu, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kidogo kitandani.

Nyuma yao, ndani ya uzio, mdogo wake alikuwa amesimama.

"Ni saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne na robo," Dada Namba akamwambia.

"Moto utakuwa umepungua," alisema, akarudi kwenye boila.

Dada Namba alirudi mpaka jukwaani. Alisema yote, kwa sauti, mbele ya wenye kampuni: kwamba yule bwana ni mwongo, kwamba kuna maiti inachochea boila lao, kwamba anamchukia na anaichukia ngao yake na fulana zake. Alitumia na matusi mawili ambayo hakuwahi kuyatamka maishani. Mkurugenzi alimsogezea kipaza sauti ili asikike vizuri. Alipomaliza, mkurugenzi alisema kwamba huu ndio uwazi anaouzungumzia kila Jumatatu, na kwamba ni kampuni chache ambazo mfanyakazi wa kawaida anaweza kusema hivi mbele ya wakubwa. Wenye kampuni walipiga makofi. Wakasaini cheti cha siku elfu moja, wakaondoka kabla ya chakula.

Hakufukuzwa kazi. Kesho yake ubao wa bati uliondolewa, ukawekwa wa umeme, ndani ya kioo, unaojibadilisha wenyewe saa moja kamili, na swichi yake iko ofisini kwa mkurugenzi. Dada Namba alihamishiwa kwenye ufungaji wa maboksi. Watu walimshauri aache kazi, atafute kwingine. Alikuwa na cheti na uzoefu. Wembe mwenyewe alimwambia hivyo. Alimjibu kwamba geti halimruhusu mtu asiye na kitambulisho, na mdogo wake hana mwingine wa kumwona upande huu. Kila mapumziko alikwenda kwenye boila, akakaa juu ya ndoo, wakaongea habari za mtoto.

Mwisho wa mwaka ofisa utumishi aligawa fomu za maoni ya wafanyakazi, zisizo na majina, ili kupima imani yao kwa uongozi. Dada Namba alijaza ya kwake juu ya boksi. Mahali pa imani aliandika hana, hana hata chembe, akapigia mstari mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Swali la mwisho liliuliza: Je, una mpango wa kuondoka katika kampuni hii ndani ya miaka mitano ijayo? Alilitazama kwa muda mrefu, akaweka alama kwenye Hapana.

Kisha akachukua fomu ya pili, akaipeleka kwenye boila, kwa kuwa mdogo wake mikono ilikuwa na masizi na hakutaka kuichafua karatasi. Alimsomea maswali moja moja, akamwandikia majibu. Walipofika kwenye lile la mwisho, mdogo wake aliweka koleo chini, akafikiri vizuri, kama anavyofanya mtu aliyeulizwa kwa heshima.

"Andika hapana," alisema.

Matokeo yalitangazwa Jumatatu. Mkurugenzi alisimama juu ya kreti na kusema kwamba kati ya wafanyakazi wote mia nne, ni wanne tu wanaofikiria kuondoka, na kwamba hajawahi kuona upendo wa namna hiyo kwa kampuni. Halafu king'ora kikalia, wakaingia kazini.